Mistari ya Kuangalia

Nilipoanza kazi nilikuwa nashuku wadudu peke yao. Nilipostaafu nilikuwa nashuku mizani, mvua, mbegu za bure na watu wanaocheka kabla ya kuulizwa swali. Ninyi mliobaki katika kitengo cha wadudu mmenisumbua niwaandikie, nadhani mkitumaini nitaeleza jinsi ya kupanda ngazi. Ngazi mtaipanda wenyewe. Mimi nitaandika habari za mabua na kisu, za mzee aliyenifunza kutoamini shamba safi, na za mistari ya mahindi kule Kimilili iliyokaribia kumharibia jina mzee huyo.

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale nilifika nimevaa viatu vya visigino. Mzee Barasa, fundi mkuu wa maabara yetu, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, aliviangalia kwa muda. Aliingia stoo akatoka na gambuti zilizonizidi mguu na kisu kifupi chenye mpini wa mbao. Akaniambia, "Wambui, hii ni yako. Usipatie mtu. Hata mimi nikiomba, usinipatie."

Mchana wa siku hiyo hiyo aliniomba kisu. Nilimpa. Mimi nimelelewa na wazazi wa Kikuyu waliohamia Trans-Nzoia wakiwa na watoto na majembe tu, na kwetu mkubwa akikuomba kitu humwulizi ni cha nini. Alikitia mfukoni akaenda zake. Nilipasua mabua kwa kucha mpaka jioni, na wanawake wa vibarua kutoka Kipsongo waliokuwa wakipalilia karibu wakapata kichekesho cha kupeleka nyumbani. Kesho yake alinirudishia. "Nilikwambia hata mimi," akasema, na hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Masomo mengine yalikuwa ya kawaida zaidi, lakini hayamo vitabuni mwenu. Bua hupasuliwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu funza wa bua huteremka akizidi kukua, na ukianza juu utamkata kabla hujamwona. Uchafu wake unaofanana na unga wa mbao ukiwa mbichi na wa manjano, mwenyewe yumo ndani. Ukiwa mkavu, alishahama, na wewe unapoteza muda. Mayai huyaficha nyuma ya ala ya jani, pale jani linapolikumbatia bua. Mkulima akikwambia hana funza, mwombe maji ya kunywa, na anapokwenda kuyaleta, ingia shambani.

"Ukikuta shamba safi, usifurahi," Barasa alikuwa akisema. "Uliza kwanza ni nani amepita hapa."

Niliona maana ya maneno hayo kwa mara ya kwanza kule Kiminini. Tulikuta shamba la bwana mmoja ambalo halikuwa na mmea hata mmoja ulioliwa, ilhali majirani wote walikuwa wakilia. Mimi nilifurahi. Barasa akazunguka nyuma ya zizi, akarudi amebeba mikono miwili ya mahindi machanga yaliyong'olewa, yote yamekauka moyo. Yule bwana alisikia wageni wa kituo wanakuja, akang'oa kila mmea mgonjwa, kama vile mtu anavyofagia uwanja wageni wakitarajiwa. Hakutaka kutudanganya. Aliona aibu tu kupokea wageni kwenye shamba chafu. Tangu siku hiyo nikajua kwamba katika kazi yetu adabu ya watu huweza kuharibu jaribio kuliko mvua ya mawe.

Miaka ikaenda. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati simu ya mkono ilikuwa bado ni kitu cha kuning'iniza kwenye mshipi ili kionekane, tuliletewa Daktari Mutua. Alikuwa kijana, mpole, ametoka kusoma ng'ambo, na Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kimenyooka kila mahali. Alikuja na kichupa kidogo cheusi kilichofungwa pamba. Kikawekwa ndani ya friji ya maabara, na maziwa yetu ya chai yakafukuzwa humo. Barasa alikichukia kichupa hicho tangu siku hiyo, na sidhani ilikuwa kwa sababu za kisayansi.

Daktari alituketisha akatueleza. Mmea ukitafunwa na mdudu haukai bure. Ndani yake hutokea homoni ambayo huuamsha mwili mzima, majani yakaanza kutengeneza uchungu na vitu vya kuliharibu tumbo la mdudu, tena hutoa harufu ya kuwaita nyigu wadogo wanaotaga ndani ya funza na kumla akiwa hai. Kwenye kichupa kulikuwa na homoni hiyo hiyo. Tukiinyunyizia mahindi kabla funza hajafika, mahindi yatajiandaa mapema.

"Kwa hivyo haiui funza?" Barasa akauliza.

"Haiui, mzee."

"Na si mbolea."

"Si mbolea."

"Sasa kazi yake ni gani?"

Daktari akafikiri. "Inauambia mmea kwamba umeshaumwa, ingawa haujaumwa."

Barasa akavua kofia, akaivaa tena. "Kumbe tunafundisha mahindi kushuku," akasema. "Hiyo naweza."

Dawa yenyewe ilikuwa inanukia. Ilikuwa na harufu ya asumini, ua ambalo wengi wetu wa bara tulilijua kwa sabuni tu. Matone machache kwenye maji yenye sabuni kidogo, pampu mgongoni, na baada ya kupiga mistari kadhaa unanukia kama bi harusi. Nilirudi nyumbani hivyo, na mume wangu, ambaye kwa miaka alikuwa amezoea mke anayenuka samadi, akaweka gazeti chini.

"Hii marashi umetoa wapi?"

"Kazini."

"Kazini kwenu kuna wadudu."

"Ni ya kupigia mahindi."

Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama kondakta anayesema chenji itakuja. Kikulacho ki nguoni mwako, nadhani alikuwa akijiambia. Siku chache baadaye alitokea kituoni, eti alikuwa akipita. Barasa hakumsalimu sana. Alimvisha pampu mgongoni, akampeleka shambani, akamfanya apige mstari mzima. Mume wangu alipanda basi la kurudi nyumbani akinukia asumini, na jioni ile hakuna aliyeuliza swali.

Misimu ya kwanza tulifanya kazi ndani ya uzio wa kituo. Niseme ukweli kama ulivyokuwa. Kwenye mistari iliyopigwa funza walikuwa wachache na waliokonda, na nyigu walikuja. Lakini mkono ukizidisha dawa, mahindi yalidumaa. Mmea unaotumia nguvu zake zote kujilinda haubaki na nguvu za kukua. "Askari wa zamu hanenepi," Barasa alisema, na Daktari akacheka kwa mara ya kwanza mbele yetu. Wakaanza kupatana. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililofanya yaliyofuata kuuma.

Kisha tukatoka kwenda kwa wakulima, ng'ambo ya pili, upande wa Bungoma. Moja ya mashamba tuliyochagua lilikuwa karibu na Kimilili, la mama mmoja mjane tuliyemwita Kukhu Nekesa. Kukhu kwa Kibukusu ni nyanya. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokuacha, na alikuwa akilea wajukuu walioachwa na mabinti zake. Shamba lile ndilo lilikuwa sufuria yao. Nyumbani kwa Barasa kulikuwa mlima wa pili kutoka hapo, naye alikuwa akienda huko kila mwisho wa juma. Hilo nalo mlikumbuke.

Kukhu alituuliza maswali mengi kuliko bodi ya mtihani. Hii dawa inaua nini? Haiui kitu. Sasa ni dawa namna gani? Ni ya kuamsha mahindi. Kwani yamerara? L yake ilitoka r, kama kwa wengi wa huko. Aliinama akainusa pampu, akarudi nyuma. "Hii ni marashi. Ati mnapaka mahindi marashi. Inaenda kuorewa wapi?"

Majirani waliokuja kutazama wakacheka. Barasa akamweleza kwa lugha yao kwa muda mrefu, na mwishowe akakubali. Tulipima mistari. Ile ya kupigwa dawa tuliifunga vitambaa vyekundu vilivyochanwa kwenye pazia kuukuu la ofisini. Ile isiyopigwa kitu, ya kulinganishia, tuliifunga vitambaa vyeupe. Nanyi mnajua kwamba pasipo mistari ya kulinganishia hakuna jaribio, kuna hadithi tu.

Daktari mwenyewe ndiye aliyemweleza Kukhu habari ya vitambaa vyeupe. Alitaka kusema kwa heshima na kwa maneno mepesi. Nilikuwepo, nilisikia. Alisema, "Mama, hii mistari yenye nyeupe haipigwi dawa yetu. Hii wewe angalia tu."

Kukhu akaitikia kwa kichwa kwa makini sana. "Niangarie."

"Ndiyo. Angalia vizuri mpaka mavuno."

Tukanywa chai tukaondoka.

Kila tulipokwenda kupiga dawa tulikuta shamba limepaliliwa, nasi tulikuwa na haraka ya kufika mashamba mengine kabla ya mvua ya mchana. Ni mahindi yalipotupita kichwa na kuanza kujaa punje ndipo tulipokaa kuyachunguza. Mistari myekundu ilikuwa vizuri kama tulivyotarajia. Mistari myeupe ilikuwa vizuri kuliko hiyo. Nilipasua bua baada ya bua kutoka chini kwenda juu, na ndani kulikuwa kweupe kama muwa. Ng'ambo ya ua, kwa jirani, mahindi yalikuwa yametobolewa mpaka yanalala.

Daktari alifurahi mpaka akashindwa kusimama mahali pamoja. Alituambia kwamba kuna watafiti wanaosema mimea huambiana. Mmoja ukiamka, harufu yake humfikia jirani, na jirani naye huamka. Huenda mistari myekundu ilikuwa imeiamsha myeupe. Kama ni hivyo, mkulima angehitaji kupiga sehemu ndogo tu ya shamba. Alipanga kulisema mbele ya wageni siku ya maonyesho ya wakulima.

Barasa alikuwa amesimama pembeni akilitazama shamba kama mtu anayemtazama mkwe aliyekuja bila sababu. Mimi nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho. Nani amepita hapa?

Nikarudi kwenye mistari myeupe peke yangu, nikavuta jani moja pale linapokumbatia bua. Ndani ya kikombe cha jani kulikuwa na tope jembamba la kijivu lililoganda. Nikavuta jingine, na jingine. Yote yalikuwa nalo. Kwenye mistari myekundu hakuna. Mnajua kwamba dukani huuzwa dawa ya chengachenga ambayo mkulima huitia kwa vidole katikati ya majani machanga, na ikilowa huacha alama kama hiyo. Nilimwita Daktari nikamwonyesha. Nilitazama furaha ikimtoka usoni polepole, na nikamhurumia.

Kukhu hakuwepo siku ile, alikuwa amekwenda kanisani kwa mambo ya matanga. Tulipofika Kitale, Daktari alinibakiza ofisini, akafunga mlango.

"Yule mama hana uwezo wa kununua ile dawa ya chengachenga," alisema. "Kuna mtu amempa. Mtu anayeijua, anayeweza kuitoa stoo yetu, na anayekwenda huko kila mwisho wa juma."

Hakutaja jina. Hakuhitaji.

"Kwa nini afanye hivyo?" nikauliza.

"Tangu mwanzo hajaipenda hii kazi. Au aliona huruma kwa mtu wa kwao. Sijui. Lakini siwezi kuendelea na mtu anayeharibu jaribio. Kesho kutwa nitampeleka kwa mkuu wa kituo."

Barasa alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Mtu aliyetumika umri wote akisema shamba lisiaminiwe, angeondoka akiitwa mwizi wa dawa na mharibu wa kazi. Na lililoniuma zaidi usiku ule ni kwamba sikuweza kusema kwa kiapo kwamba si yeye. Nilijaribu. Kila nikisema Barasa hawezi, sauti yake mwenyewe ilikuwa ikiniuliza, nani amepita hapa?

Habari kituoni hazihitaji miguu. Asubuhi alinikuta nanoa kisu, akaketi juu ya gunia.

"Nimesikia," akasema. "Na wewe unaonaje?"

"Sijui, mzee."

Nilitamani anikasirikie. Badala yake alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesahihisha jibu ambalo ni sawa. "Vizuri," akasema. "Nirikufundisha vizuri."

Yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa akichunga herufi zake mbele yetu, siku ile r ilimponyoka, na hapo ndipo nilipojua ameumia kiasi gani.

Ni yeye aliyeamua cha kufanya. Aliingia kwa Daktari bila kubisha akamwambia, "Twende huko sisi watatu, sasa hivi. Usitangulize habari. Kama ni mimi, utaona. Kama si mimi, utaona."

Gari la kituo lilipita Kiminini kukiwa bado na ukungu, likatuacha barabarani juu ya Kimilili kwa sababu njia ya kwenda kwa Kukhu ilikuwa tope tupu. Tulitembea, Daktari mbele, Barasa nyuma, mimi katikati kama polisi asiyejua anamlinda nani dhidi ya nani. Tulipofika hatukubisha hodi. Tulipitia upande wa shamba.

Tulimkuta Kukhu Nekesa katikati ya mistari myeupe, kiunoni amejifunga leso, kwapani ameshikilia mkebe wa mafuta ya kupikia yaliyokwisha. Alikuwa akishika jani moja moja, akiligeuza, akichungulia nyuma yake. Akikuta kitu alikiponda kati ya kucha mbili. Kisha aliingiza vidole kwenye mkebe akatia kidogo pale jani linapokutana na bua. Alikwenda hivyo mmea baada ya mmea, bila haraka. Mwenye kutazama angesema anawaogesha watoto.

"Mama," Daktari akaita, na sauti yake haikuwa nzuri. "Unafanya nini?"

Kukhu hakushtuka, akatusalimu kwa lugha yao. "Murembe. Mmekuja asubuhi. Naangaria."

"Unaangalia nini?"

"Hii mistari. Si ulisema niangarie?"

Barasa akapita, akauchukua mkebe, akanusa. Akanipa mimi. Yalikuwa majivu ya jikoni yaliyochungwa yakawa laini, na yamechanganywa na pilipili iliyosagwa. Hakukuwa na chengachenga za dukani humo, hata moja. Macho yakaniwasha, nikafurahi kuwa na sababu.

"Nilisema uangalie tu," Daktari akasema. "Uangalie kwa macho. Usiifanyie kitu."

Kukhu akamtazama kama anatafuta mahali alipougua. "Mwanangu, mtu akikuachia mtoto akwambie, niangaririe huyu, wewe utasimama kando tu umtazame akiingia kwa moto?"

Daktari akageuka kuitazama mistari myeupe.

"Hii ingine mliipaka marashi," Kukhu akaendelea, akionyesha vitambaa vyekundu. "Hii mkainyima. Mkanipatia mimi, mkasema hii ni ya kuangaria, tena niangarie vizuri mpaka mavuno. Nimeangaria kila asubuhi nikimariza kukamua. Sasa kosa iko wapi?"

Hapo Barasa aliketi chini, pale pale kwenye udongo uliolowa, akacheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na baada ya kicheko kwisha aliendelea kujipangusa uso kwa hiyo kofia kwa muda mrefu kidogo kuliko kicheko chenyewe. Daktari alimwendea, akachutama mbele yake.

"Mzee, samahani."

"Uliuliza ni nani amepita," Barasa akasema. "Ni swali zuri. Ulikosa tu mahali pa kumaliza."

Sijui vitabu vyenu vinasemaje, lakini mimi nimejifunza Kiswahili nikiwa mtoto, na hata leo sijui neno jingine ambalo Daktari angetumia. Tukisema "niangalilie mtoto" hatumaanishi utazame. Tukisema "we angalia tu" huenda tunamaanisha utazame, na huenda tunamaanisha utunze. Msimu uliofuata tulijaribu kusema, "hii tunaiacha bila kitu," na Kukhu akakataa katakata. Hawezi kuacha chakula cha wajukuu kiliwe ili sisi tuandike. Tukakubaliana asumini ipimwe dhidi ya majivu yake, na mistari isiyoguswa ikabaki kituoni, ambako hakuna mwenye huruma. Majivu yalishindana vizuri pale ambapo mtu alikuwa na subira ya kushika kila jani, na wenye subira hiyo si wengi. Asumini nayo haijafika dukani mpaka ninapoandika. Ni ghali, kipimo chake ni kigumu, na bado sijaona namna ya kuwaeleza watu dawa isiyoua. Hayo ni yenu sasa.

Lakini asubuhi ile haikuishia kwenye samahani.

Kukhu alitukaribisha chai, nasi tukafuata ukingo wa shamba kuelekea jikoni. Ulikuwa wakati wa mahindi mabichi, na mistari myeupe ilikuwa imeanza kuvunwa kwa kuchoma, hindi hapa na hindi pale. Ile myekundu ilikuwa nzima. Hakuna hata hindi moja lililokatwa. Nusu ya shamba la mtu mwenye vinywa vingi, na haijaguswa.

Nikamwuliza mbona.

"Hiyo ni ya Serikali," akasema.

"Ni yako, Kukhu. Tulikwambia yote ni yako."

"Mlisema." Akachochea moto. "Hata wezi wameiacha. Unajua mwizi wa hapa akiacha kitu? Ng'ombe pia sijampatia majani yake. Mimi nimewatazama nyinyi tangu mje. Mnakuja, mnapiga marashi, mnapasua, mnapima, mnaenda. Sijaona hata mmoja akitafuna punje. Dawa yenye mwenyewe hakuri, watoto wangu wakure?"

Wanawake wawili wa jirani walikuwa wameingia na kukaa mlangoni, kama watu wanavyofanya gari la kituo likionekana. Wote walitungoja. Nilipiga hesabu ya misimu yote tuliyopanda mahindi yale, na alikuwa anasema kweli. Ya kituoni tulikuwa tukiyakausha na kuyapima, na hakuna aliyewahi kuwaza kuyaweka motoni.

Daktari akaeleza kwamba homoni hiyo imo ndani ya kila mmea wanaokula, kwamba kipimo ni kidogo mno, kwamba hupotea hewani. Yote yalikuwa kweli. Wanawake walimsikiliza kwa heshima, jinsi watu wanavyomsikiliza mhubiri wa dhehebu lingine.

Kukhu akatoka. Alirudi na hindi moja, na kitambaa chekundu kikining'inia juu yake ili tusiseme amekosea mstari. Alilimenya, akaliweka kwenye makaa, akaligeuza mpaka likaiva vizuri pande zote. Barasa akanyoosha mkono.

"Wewe hapana," akamwambia. "Wewe ni mtoto wa hapa. Utakura hata sumu ukiona mama yako anaaibika." Akamtazama Daktari, akamwacha. "Huyu amesoma, ataenda kujitapisha na dawa ya hospitali." Kisha akanigeukia mimi. "Huyu mama wa marashi. Huyu akure."

Nikalipokea. Lilikuwa moto, na lilinukia hindi la kuchoma, si asumini. Nilizijua karatasi zote zilizosema halina neno, nyingine nilikuwa nimezipiga chapa mwenyewe. Lakini karatasi hazina tumbo. Nilipolisogeza mdomoni nilihisi woga, woga halisi, na nikajua kwamba miaka yote ile nilikuwa nimeshuku kila kitu katika shamba isipokuwa kile nilichokibeba mgongoni. Barasa alikuwa akinitazama. Hakunionyesha niume wala nisiume.

Nikauma. Lilikuwa tamu, na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, au labda ni woga wangu. Nililitafuna lote mpaka gunzi, kwa sababu niliona nikibakiza punje moja kazi yetu Kimilili imekwisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Kukhu alilichukua gunzi mkononi mwangu, akalikagua, akalitupa motoni. Kisha akachukua kibao akanisogezea karibu na moto, akanimiminia chai ya maziwa mengi, na kumbe alikuwa ameshamtuma jirani mmoja akamwambie dereva wetu asiningoje mimi.

"Hawa wawili waende," akasema. "Wewe utarara hapa mpaka kesho. Sasa wewe ndio mstari wa kuangaria."

Nikalala. Mara mbili alikuja na taa kutazama kama napumua, na mara zote mbili alinifunika blanketi. Asubuhi nilipoamka nikiwa mzima, jikoni kulikuwa na moto mkubwa, na wajukuu wote walikuwa wamekaa kuuzunguka, midomo myeusi kwa masizi, na sakafuni vitambaa vyekundu vimetapakaa.